Demani Haifungwi

Saa mbili asubuhi, pwani ya Mkokotoni, maji yalikuwa yametulia kiasi cha kuwaona samaki wadogo wakipita chini ya vyombo vilivyofungwa. Nilikuwa nimetoka mjini na daladala ya alfajiri, na nikajiona mtu mwenye bahati. Nikamwambia nahodha kwamba leo tumepata shwari. Hakunijibu. Alikuwa ameinua uso akitazama vilele vya minazi nyuma ya soko la samaki, kwa utulivu wa mtu anayesoma tangazo lenye herufi ndogo. Makuti ya juu yalitikisika, yakatulia, yakatikisika tena, safari hii upande mmoja tu wa shamba.

"Shwari ipo hapa chini tulipo sisi," alisema baadaye. "Kule juu hamna."

Ilikuwa Julai na kusi imeshika. Upepo huu wa kusini-mashariki huanza kubisha hodi Aprili, hukolea Juni na Julai, kisha hulegea kuelekea Septemba. Ukiulinganisha na kaskazi ya Desemba hadi Machi, kusi ndiyo yenye mkono mzito. Watu wa Unguja wana sababu ya kuuheshimu mwezi wa saba. Tarehe 18 Julai 2012 boti ya MV Skagit, yenye injini zake na viti vyake, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na gogo la mwembe lililochongwa, tanga moja lililojaa viraka, na safari ya kwenda kuangalia madema, mitego ya samaki, nje ya ncha ya kusini ya Tumbatu. Tulikuwa watatu: nahodha, Mtumbatu wa umri wa kunizaa, mjukuu wake wa miaka 17, na mimi, ambaye kazi yangu ilitajwa kabla hatujaondoka.

"Wewe mwanangu ni farumi."

Farumi ni mzigo unaowekwa chomboni ili kisiyumbe, aghalabu mawe au mifuko ya mchanga. Nimeitwa mengi katika kazi hii ya magazeti, lakini jiwe ilikuwa mara ya kwanza.

Mgeni akisimama Mkokotoni wakati wa kusi huona bahari imelala, akadhani hapa ndipo pa kujifunzia tanga. Kule Matemwe, upande wa pili wa kisiwa, mawimbi yanavunjika mwambani kwa kishindo na bendera za hoteli zimenyooka mchana kutwa. Mimi nikiambiwa nichague upepo nitachagua wa Matemwe. Ule umetoka bahari kuu haujagusa kitu. Mkali, lakini ni mmoja, ukishaujua saa tatu unaujua hadi saa saba. Ukivuka nchi kavu kuja Mkokotoni unakuwa umepita juu ya miembe, mapaa ya mabati, mashamba ya mihogo yaliyopata jua na vichaka visivyopata, na kila kimoja kimeurarua kidogo. Penye miti mirefu huzuiwa ukaruka juu. Penye uwazi hupenya mbio kama maji kwenye mfereji. Ardhi nayo ikipata joto, hewa ya chini hupanda, na ile ya juu yenye kasi zaidi hushuka kuchukua nafasi yake, kwa mapigo, bila ratiba. Kinachokufikia pwani ni vipande vya upepo, na baina ya kipande na kipande kuna kimya cha dakika moja au mbili. Wengi wamedanganywa na kimya hicho.

Tulisukuma kwa upondo mpaka maji yakapata kina, kijana akatweka. Tanga lilining'inia kama kanzu kwenye msumari. Nikafungua mfuko wangu kutafuta daftari, na hapo hapo likajaa kwa mkupuo mmoja, kamba zikalia, mtumbwi ukaruka mbele kama punda aliyechapwa. Kijana alikuwa ameshalegeza kamba kabla mimi sijaliacha daftari. Kiasi cha dhiraa moja, si zaidi. Ngalawa ikajinyoosha, ikaendelea na safari yake.

Kwa wasiowahi kuipanda: ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, mwembamba hata mtu mnene hukaa kwa kujikunja. Peke yake ungepinduliwa na kikohozi. Kinachousimamisha ni mirengu, miti miwili inayokatiza juu ya mtumbwi kutoka ubavu hadi ubavu, na kwenye ncha za mirengu zimefungwa ndubi, mbao mbili zinazogusa maji huku na huku. Umbo hili limeenea Bahari ya Hindi mpaka visiwa vya Indonesia, na wataalamu wa vyombo wanalihusisha na mabaharia wa kale wa huko, ndugu wa wale waliohamia Bukini, yaani Madagaska. Wamewahi kuwapo vijana wa Ulaya waliolipa fedha nyingi kushindana kwa ngalawa kwenye pwani ya Tanzania katika mashindano yaitwayo Kraken Cup, yaliyojulikana kwanza kama Ngalawa Cup. Nahodha alipoambiwa habari hiyo aliuliza kama chakula wanapewa.

Siri ya ndubi ni kwamba hazikulala bapa. Zimefungwa mshazari, na chombo kikiwa mbioni zinayakandamiza maji na kuinuka, kama kigae unachokirusha kikaruka-ruka juu ya bahari. Chombo kikisimama, ndubi inarudi kuwa ubao, na ubao uliokandamizwa huzama. Ndiyo maana wavuvi hawaogopi sana dharuba inayowakuta mwendoni. Wanaogopa ile inayowakuta wamesimama wakivuta mshipi au wakibishana.

Halafu kuna kamba. Tanga letu lilikuwa la pembetatu, limefungwa kwenye foromali, nayo foromali imepandishwa mlingotini kwa henza. Pembe ya nyuma ya tanga ina kamba moja tu, na hiyo ndiyo demani. Ukiivuta, tanga linashika upepo. Ukiilegeza, tanga linapepea kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, na chombo kinapata nafuu. Hata pande za chombo zimepata majina kwa mpango huu: upepo unakotoka ni upande wa joshi, unakokwenda ni upande wa demani. Katika ngalawa ya nahodha wetu demani ilizungushwa mara moja kwenye kijiti kilichokatiza ndani ya mtumbwi, ili msuguano uusaidie mkono, kisha mwisho wake ukakaa kiganjani mwa kijana. Hapakuwa na fundo. Kwenye jahazi kubwa lenye upepo wa sawasawa watu hufunga demani wakapika chai na kulala. Kwenye chombo kidogo, katika upepo wa vipande, fundo moja hapo ni sawa na kumwacha mtoto karibu na jiko.

Najua hivyo kwa sababu niliwahi kulifunga.

Nilikuwa na miaka 19, na mjomba wangu alikuwa ameniachia dau lake dogo pale Fumba nilirudishe kijijini. Alasiri nzuri, maji bapa, upepo unakuja na kuondoka. Nilikuwa na chungwa. Chungwa linataka mikono miwili, mmoja wa kushika na mwingine wa kumenya, na usukani niliubana kwa goti. Basi nikafunga demani kwa fundo la kukaza, nikamenya. Nakumbuka ganda lilitoka zima, mzunguko mmoja, nikafurahi. Nilichokiona baadaye ni chungwa likielea karibu na uso wangu, na ilinichukua muda kufahamu kwamba na mimi naelea. Wavuvi waliokuwa wakikokota nyavu walinitoa. Mjomba alifika jioni, akanitazama kama nimekamilika viungo, kisha akaenda kwenye dau. Aliikagua kamba. Fundo langu lilikuwa bado pale, limevimba kwa maji, gumu kama kokwa. Akalikata kwa kisu, akanipa lile fundo mkononi, akaondoka. Hakulizungumzia tena mpaka alipofariki.

Watu wakisimulia ajali ya namna hiyo husema upepo uliwazidi. Nami nilisema hivyo kwa miaka kadhaa. Lakini upepo wa Fumba siku ile haukuwa wa kuzidi mtu.

Hapa inafaa niingize hesabu kidogo, maana nimeona wasomaji wengi wakiiamini namba ya utabiri kama bei iliyobandikwa dukani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa watumiaji wa bahari, na maneno yake tumeyazoea: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2. Wavuvi wanazipata kwa redio na simu, na siku ikiwa na tahadhari chombo kidogo kibaki ufukweni, hapo hapana mjadala. Siku yetu haikuwa na tahadhari. Lakini kasi ya upepo inayotajwa katika vipimo vya kawaida ni wastani wa dakika kumi, uliopimwa mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi. Dharuba hupimwa kwa sekunde tatu. Ndani ya zile dakika kumi mnaweza kuingia vimya vitano na mapigo sita, na wastani ukatoka mzuri kabisa.

Tena nguvu ya upepo haipandi hatua kwa hatua na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo kwenye tanga unakuwa mara nne. Chukua upepo wa kilomita 20 kwa saa, wa kupendeza, unaojaza tanga na kutawanya povu kidogo hapa na pale. Ipige dharuba ya kilomita 28. Ukizitazama kwenye karatasi, hizo nane za nyongeza ni kama hazipo. Kwenye tanga, msukumo umekaribia kuwa maradufu, na umekuja ndani ya muda wa kusema bismillahi. Si jambo la ajabu dharuba kuuzidi wastani kwa theluthi, hata kwa nusu, hasa upepo ukiwa umevuka nchi kavu. Chombo hakipinduliwi na wastani.

Nahodha hakuwa na namba hizo wala hakuzihitaji. Tulipofika katikati ya mkondo kati ya Unguja na Tumbatu aliniambia nitazame nyuma, tulikotoka. Bahari ilikuwa ya kijani kilichofifia, na juu yake yalikuwa yakitembea madoa meusi. Ukiyatazama vizuri unaona kwamba weusi ule ni vikunjo vidogo vidogo vya maji, vingi, vinavyoficha mwanga. Kila doa ni dharuba moja inayokuja kwa miguu yake. Kuna madoa yanayokuja yakapungua njiani na kufa. Kuna yale yanayotandazika mbele kama mkeka unaokunjuliwa, na hayo ndiyo ya kuyajali, kwa sababu upepo wake haukuja moja kwa moja. Unashuka na kusambaa, kwa hiyo utakupiga kwanza kutoka upande huu na kumalizia upande mwingine. Kijana alikuwa akiyahesabu kwa sauti ya chini. "Moja inakufa. Moja inakuja. Ile kubwa itapita nyuma yetu." Alikosea mara moja tu, na mara hiyo babu yake alicheka.

Dharuba inapokuja ubavuni kazi zinakuwa tatu, na zinafanywa pamoja. Mkono unalegeza demani. Usukani unaipeleka omo, sehemu ya mbele ya chombo, kidogo kuelekea upepo, ili tanga lipoteze mshiko wake na chombo kipande badala ya kulala. Na farumi inahama. Mimi niliambiwa nipande juu ya mrengu wa upande wa joshi, nje kabisa ya mtumbwi, makalio juu ya mti wenye unene wa mkono na bahari ikipita chini. Nilikaa hapo kwa dharuba mbili, nikajiona baharia. Ya tatu ikakatika ghafla, kama taa ya mgao. Uzito wangu, uliokuwa ukipambana na upepo, ukakosa wa kupambana naye. Ndubi ya upande wangu ikazama na mimi nikazama nayo hadi kiunoni, daftari likiwa mfukoni. Hakuna aliyenionya kwamba dharuba inapoondoka nayo ni dharuba. Hilo nimelilipia kurasa kumi na moja za maandishi yaliyogeuka wino wa buluu.

Lamu wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Kwenye mashindano yao ya mashua utaona ubao mrefu umetolewa nje upande wa joshi na vijana wamepangana juu yake kama ndege kwenye waya, wakitoka na kuingia kila upepo unapobadilika. Mtazamaji wa ufukweni hudhani ni mbwembwe.

Kwenda na upepo nyuma kuna hatari yake, nayo ni ya kichinichini. Tulipokata kona ya mwisho kuelekea kwenye madema, upepo ulituingia mgongoni, na mara dunia ikawa tulivu. Joto likarudi. Nilivua fulana iliyolowa. Kumbe chombo kinapokimbia pamoja na upepo, ile kasi yake unaikata kwenye hesabu. Wa kilomita 25, wewe ukienda kilomita 10, mgongoni unausikia kama wa 15. Ukigeuka tu kuukabili unakupa zote pamoja na za kwako juu yake. Wapo waliokwenda mbali na pwani kwa furaha namna hiyo, wakaja kugundua wakati wa kurudi kwamba walikuwa wamechukuliwa na upepo wasioweza kuubisha. Na kuna jambo la pili: upepo ukiwa nyuma, demani haikuokoi. Tanga limeshafunguka lote, ukiachia kamba halina pa kwenda, linaendelea kukubeba. Hapo dawa ni kuamua mapema. Nahodha aliamua mapema. Tulikuwa bado mbali na madema alipomwambia kijana atue tanga nusu, tukaenda tunasuasua, wakati mimi ningeapa kwamba hali ni nzuri.

Madema yalitoa pono saba, changu kadhaa na pweza mmoja aliyeingia kuwala wenzake. Sitakaa hapo. Kazi ilikuwa kurudi.

Kubisha kwa tanga la pembetatu kunataka subira. Chombo hakiwezi kuufuata upepo usoni. Kinakwenda mshazari, kisha kinageuka na kwenda mshazari wa pili, kama njia ya punda mlimani. Na kila ukigeuka, foromali inatakiwa ihamishwe kupita mbele ya mlingoti hadi ubavu mwingine. Hiyo ndiyo kukisi. Kwa muda huo mtu mmoja amesimama omo akiikumbatia foromali iliyosimama wima, tanga limelegea lote linapiga kelele, chombo hakina mwendo, na ndubi, kama nilivyosema, ni ubao. Mgeni angekisi pale alipochoka na mwelekeo mmoja. Nahodha alikuwa akingoja dharuba ipite, aone nyuma yake maji yasiyo na doa, ndipo anasema neno moja, na kijana anaruka. Katika safari nzima ya kurudi tulikisi mara nane. Mara mbili alisema neno, kisha akalirudisha.

Mara ya tano ilikuwa wakati wingu lilipotokea. Julai hatuna mvua kubwa, ila tuna mchoo, manyunyu yanayoletwa na kusi kutoka baharini, dakika kumi na jua linarudi. Hili lilikuwa jeusi chini na jeupe juu, na kati yake na sisi lilining'iniza pazia la kijivu. Mvua inapoanguka huipoza hewa inayopita ndani yake, na hewa baridi ni nzito. Inashuka kwa kishindo, ikigusa maji inakimbia pande zote. Kwa hiyo anayelitazama wingu akingoja mvua ndipo ajiandae amechelewa, kwa kuwa upepo unaitangulia mvua. Nahodha alilitazama mara moja tu, akasema, "Tua." Kijana akafungua henza, foromali ikashuka, tanga likakunjwa na kukaliwa. Mimi ndiye niliyelikalia. Wao wawili walichukua makafi wakaishikilia omo iuelekee upepo.

Kwa dakika tatu hakukutokea kitu. Nilianza kuona aibu kwa niaba yao. Mashua ya injini ilitupita na abiria wake wakatutazama, watu watatu wamekaa katikati ya bahari na tanga lao wamelikalia. Kisha maji ya mbele yetu yakawa meupe. Sikusikia nilichokuwa nikisema. Ngalawa ilirudi nyuma kwa upepo mtupu, mlingoti peke yake ukivuma kama filimbi, matone yakitupiga ubavuni kama changarawe. Ilipomalizika kijana alichukua dumu lililokatwa akaanza kufua maji, na babu yake akakamua kofia yake. Hakuna aliyesema lolote kuhusu jambo lile. Nimefikiri sana tangu hapo kuhusu namna tunavyowasifu mabaharia kwa ushujaa, wakati nilichokiona Tumbatu ni uoga wa mapema, uliofanywa kwa utaratibu na bila haya.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wana kazi ngumu zaidi ya hii. Usiku ziwa hubaki na joto wakati nchi kavu imepoa, pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji kutoka pande zote, na mawingu ya radi huota usiku wa manane hadi alfajiri, saa ile ile mvuvi wa dagaa yuko nje na taa zake. Doa jeusi halionekani gizani.

Tulipobakiwa na kama nusu kilomita kufika Mkokotoni, jua limerudi na maji yamelala, niliomba demani. Kijana alimtazama babu yake. Babu akatikisa kichwa kukubali. Nikaishika kama nilivyomwona akiishika, mzunguko mmoja kwenye kijiti na mwisho kiganjani. Ilikuwa na nguvu kuliko nilivyotazamia. Inavuta, inaacha, inavuta. Baada ya muda vidole vilianza kuchoka, na mkono, bila kuniuliza, ukapata njia ya kupumzika: nikaizungusha kamba kwenye kiganja mara mbili. Sikuliona hilo kuwa fundo. Nilikuwa nikikodoa macho majini kutafuta madoa.

Madoa hayakuwepo. Hilo ndilo nililokuwa sijalielewa asubuhi, niliposhangaa mzee anatazama minazi badala ya bahari. Ukiwa karibu na pwani inayotoa upepo, dharuba haina maji ya kutembelea kabla haijakufikia. Inatoka mitini ikaingia tangani. Anayetaka kuiona aitazame ikiwa bado nchi kavu.

"Achia!"

Nilifungua vidole. Hakuna kilichotokea. Kamba ilikuwa imenibana kiganja kizima, na kadiri tanga lilivyovuta ndivyo mizunguko ilivyokaza. Niliiona ndubi ya upande wa demani ikizama, kisha ncha ya mrengu, kisha maji ya kijani yakamiminika ndani juu ya pono. Kijana alikuwa ameshatoka nje juu ya mrengu wa joshi, amelala chali, kichwa kinagusa bahari. Nahodha aliibana kana ya usukani kwa mikono miwili na kifua, na omo ikageuka, polepole kuliko nilivyopenda, mpaka tanga likapepea. Kamba ikalegea. Ngalawa ikarudi sawa ikiwa imejaa maji nusu.

"Nilikwambia demani haifungwi," alisema akihema.

"Sikuifunga, mzee."

"Umeifunga na mkono wako."

Tuliingia pwani kwa makafi. Samaki walipelekwa mnadani wakapata mnunuzi upesi, ila pweza alileta ubishi wa bei uliochukua muda mrefu kuliko wingu. Nilipotaka kuaga, kiganja changu cha kulia kilikuwa hakifungiki wala hakifunguki vizuri, basi nikamnyooshea nahodha mkono wa kushoto, huku nikiomba radhi. Aliukataa. Akauchukua ule wa kulia, akaugeuza juu, akafuata kwa kidole chake mistari miwili myekundu iliyokatiza toka ubavu hadi ubavu, kisha akamwita mjukuu wake aje aitazame.